NASAHA JUU YA KINANDA CHA UMEME KATIKA HARUSI ZA UFIPA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, Mwenye kusikia la siri na la dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Amma baadu. Mtu wa pwani, awe wa Tanga au wa Mombasa au wa Unguja, akihamia Sumbawanga kwa biashara, hukuta nchi isiyofanana na kwao. Ufipa ni uwanda wa juu, na mji wenyewe u karibu na mita 1,800 juu ya bahari. Majani ni mengi na miti ni michache, na usiku wa Juni na Julai mtu hulala chini ya mablanketi mawili. Wenyeji wake ni wakulima wa mahindi na ulezi, wapole, wakarimu kwa mgeni. Na zamani walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, na wafumaji wa nguo za pamba. Wengi wao ni Wakatoliki, kwani Mapadri Weupe walipokabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika mwaka 1885, walieneza kazi yao kwenda kusini mpaka Ufipa. Waislamu ni wachache, katika bandari za ziwani kama Kirando, na katika mji penye maduka.

Basi katika nchi kama hiyo Mwislamu hajulikani kwa vitabu vyake, kwani jirani yake hakuvisoma. Hujulikana kwa mizani yake dukani, na kwa sauti itokayo nyumbani kwake. Na katika sauti zote, ukitoa adhana, hapana iendayo mbali kuliko sauti ya harusi.

Hapa ndipo lilipo suala. Mavuno yakisha, harusi huanza, na kijana akitaka kuoa, rafiki zake humwambia: "Bila ya kinanda hapana harusi." Nao hawakusudii kinanda cha mivukuto cha wazee, bali kinanda cha umeme, kile kisanduku chenye vibao vyeupe na vyeusi, kitoacho sauti ya zumari na ya fidla na ya ngoma kwa pamoja. Ami yake husema: "Hicho ni chombo cha kanisani, mwanangu, hakiingii nyumba ya Mwislamu." Wa tatu huingia kati akasema: "Ami, wako wanavyuoni waliokihalalisha, mbona twajitaabisha?" Na mara nyingi hao watatu huteta mpaka usiku, na hapana hata mmoja aliyekitazama kitu chenyewe, asili yake ni nini na chafanya nini. Kumhukumu asiyesikilizwa ni dhulma, hata akiwa ni ubao.

Na aanze kujibiwa ami, kwa kuwa ni mkubwa. Kinanda cha mabomba hakikuzaliwa kanisani. Kilizaliwa Misri, katika mji wa Iskandaria, karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, kwa mkono wa fundi aitwaye Ktesibios, aliyetumia uzito wa maji kusukuma hewa katika mabomba. Warumi wakakitwaa wakakipiga katika viwanja vya michezo, watu wakiuana na watu wakitazama. Na Wakristo wa kwanza walikichukia kwa sababu hiyo hiyo. Baadaye, katika karne ya tisa, Baghdadi ya Banu Abbas ilikuwa na ndugu watatu, wana wa Musa bin Shakir, mabingwa wa hesabu na vyombo, nao wakaandika namna ya kufanya chombo kijipigacho chenyewe kwa nguvu ya maji, na gogo la duara lenye meno likiamua sauti ipi itoke. Kanisa la magharibi lilikipokea chombo hiki kikiwa kimekwisha kuzunguka dunia. Twaweza kusema kilibatizwa kikiwa mtu mzima. Basi ami akitaka kukikataa, na akikatae, walakini atafute hoja nyingine.

Ama hiki cha umeme, khabari yake ni ya juzi. Katika mji wa Chicago, nchi ya Marekani, alikuwako mtu aitwaye Laurens Hammond, na kazi yake ilikuwa kufanya saa za ukutani zendazo kwa umeme. Mashine ile ile ya kuzungusha saa kwa mwendo usiobadilika akaitumia kuzungusha magurudumu madogo ya chuma yapatayo 90, kila moja lina meno kwa idadi yake, nayo yapita mbele ya sumaku. Jino likipita, umeme katika waya hutikisika. Meno yakiwa mengi sauti huwa nyembamba, yakiwa machache huwa nene. Alipata hati ya serikali katika mwaka 1934, na mwaka 1935 akaanza kuuza. Wateja wake wa kwanza aliowatazamia ni makanisa yasiyomudu gharama ya mabomba. Wenye mabomba wakalalamika, na katika mwaka 1937 likafanywa jaribio katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago, vikapigwa vyote viwili, na waliokaa kusikiliza wakatakiwa waseme hiki ni kipi na kile ni kipi. Wakakosea mara nyingi, na miongoni mwao mlikuwa na mabingwa wa muziki.

Haukupita muda, chombo kilichofanywa kwa ajili ya kanisa kikakutwa katika vilabu vya ulevi. Weusi wa Marekani walikipiga Jumapili katika ibada zao, na usiku wa Jumamosi kikapigwa penye pombe. Na Jimmy Smith, aliyeanza kutoa sahani zake katika mwaka 1956, akawafunza vijana wa dunia nzima kukifanya kiongozi wa bendi. Kisha Waingereza wakatoa chepesi cha kuchukuliwa mkononi katika mwaka 1962, kiitwacho Vox Continental, na Wataliano wakafuata kwa Farfisa. Na mwisho Wajapani wakakifanya kidogo na rahisi hata mwanafunzi akaweza kukinunua. Misri nako kiliingia: Umm Kulthum, kabla ya kufa kwake mwaka 1975, na Abdel Halim Hafez aliyemfuata kufa mwaka 1977, wote wawili waliimba na kinanda cha umeme nyuma yao. Waarabu hukiita urgh. Kilikuwa na aibu moja kwao, kwamba vibao vyake 12 havina zile robo za sauti ambazo maqamu za Kiarabu haziwezi kuishi bila yake. Mafundi wakakifungua wakakitengeneza, na baadaye viwanda vya Japani vyenyewe vikatoa vya kuuziwa Waarabu.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa yaliyobaki. Taarabu iliyotoka Misri katika zama za Sayyid Barghash, ikakaa katika Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905 na udi wake na kanuni yake na nai yake, ilikipokea kinanda hiki Mombasa, katika harusi alizopiga Maulidi Juma na wenziwe. Na katika miaka ya 1990, ilipozuka ile iitwayo taarabu ya kisasa, East African Melody wakakiweka mbele, na Jahazi waliokuja mwaka 2006 wakakiendeleza, mpaka udi na kanuni vikawa vya kutafutwa. Sauti hiyo ikapakiwa katika magari pamoja na nazi na dagaa, ikapita Mbeya na Tunduma, ikapanda Ufipa. Na makanisa ya huko nayo, tangu mtaguso wa Roma wa mwaka 1963 ulipoyaruhusu kuingiza vyombo visivyokuwa mabomba, yalileta ngoma na kisha kisanduku kile kile cha Japani. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia, haukuunganishwa na waya wa taifa. Nao ukawasha taa ya padri na taa ya maalimu, bila ya kuuliza.

Ikiwa ndivyo, ni nini kilicho kigeni katika chombo hiki? Si sauti yake, kwani karibu sauti zake zote ni za kuazima. Kigeni ni kwamba hakichoki.

Mpuliza zumari hana budi kuvuta pumzi. Mpiga ngoma mkono humwuma, ngozi hulegea kwa umande, na ikilegea hupelekwa motoni. Hata kinanda cha mivukuto, mguu wa mpigaji ndio pumzi yake, na mguu huchoka. Kwa hiyo ngoma ya wazee ilikuwa na mwisho wake ndani yake; hapakuhitajika shekhe wala askari kuja kuwaambia watu walale, miili yao iliwaambia. Kinanda cha umeme kimeuondoa mpaka huo. Kidole chepesi kama nzi hutoa sauti kubwa kama ya majitu kumi, na kwa vile ngoma nazo zimo ndani, zimefungwa tayari, mpigaji aweza kuinuka akaenda kula pilau, na ngoma ikabaki yapiga peke yake. Ajabu ni kwamba asili yake ni saa. Kimetoka katika saa, na hapana kisahaulishacho saa kama hicho. Watu huinua vichwa wakasikia mwadhini wa alfajiri, nao hawajui usiku umekwenda wapi.

La pili, kimewaondoa watu. Katika harusi ya pwani tari lilipigwa na shangazi na jirani na waliosoma chuo kimoja na bibi arusi. Kila apigaye alikuwa shahidi. Na hiyo ndiyo hikima iliyotajwa katika hadithi waliyoipokea Tirmidhi na wengineo, kwamba baina ya ndoa ya halali na uhusiano wa haramu hupambanua tari na sauti. Yaani nikaha haifichwi, hutangazwa na watu wanaoijua. Sasa hukodiwa mtu mmoja na kisanduku chake, hajui jina la bibi arusi mpaka aandikiwe katika karatasi. Harusi hupiga kelele nyingi kuliko zamani na hutangazwa kidogo kuliko zamani.

Hapo ndipo pa kumjibu yule wa tatu, asemaye kwamba wanavyuoni wamehalalisha. Wanavyuoni wamekhitalifiana, na khitilafu yao ni kongwe. Watu wa pwani ni Mashafii, na Minhaj ya Imamu Nawawi husomwa barazani na misikitini. Humo imeandikwa kwamba tari ni halali katika harusi na tohara, na kwa kauli yenye nguvu katika furaha nyingine pia, hata likiwa na njuga. Ama vyombo vya nyuzi na zumari walivyozoea walevi, ni haramu. Ibn Hajar al-Haitami alishika njia hiyo akaikaza zaidi, akaandika kitabu kizima juu yake. Upande wa pili yuko Ibn Hazm wa Andalusi, aliyeiona ile hadithi mashuhuri ya vyombo kuwa mlolongo wake umekatika, akahalalisha. Na wengi walimrudi kwa elimu. Na baina yao yuko Imamu Ghazali, naye ni Shafii. Katika Ihyaa amesema kwamba sauti nzuri haiharamishwi kwa uzuri wake, kwani ndege nao waimba. Huharamishwa kwa kinachoambatana nayo. Akataja mambo ambayo likiingia moja lao, la halali hugeuka: aimbaye akiwa ni fitina kwa asikilizaye, chombo kikiwa ni alama ya walevi, maneno yakiwa machafu, msikilizaji akiwa ameshindwa na matamanio, au mtu akaufanya mchezo kuwa ndiyo kazi yake ya kila siku.

Amshikaye Nawawi ana njia yake iliyo safi, na haifai kumcheka kwa kuwa harusi yake ina tari tu. Walakini ambaye ametwaa kauli ya ruhusa, asidhani amepewa cheti cha kupitia milango yote. Amepewa mlango mmoja, na kwenye kizingiti Ghazali amesimama na masuala matano. Ni watu wangapi wanaolitaja jina la Ghazali katika mateto haya, na wangapi waliowahi kuyajibu masuala yake kabla ya kukodi kinanda? Pwani iliwahi kugombana hata kwa tari lenyewe, pale Lamu, maulidi ya Habshi yalipoanza kusomwa kwa matari mskitini. Na waliogombana walikuwa wacha Mungu pande zote mbili. Ubaya si kukhitalifiana. Ubaya ni kutwaa kauli ya mwanavyuoni kama mtu atwaavyo mwavuli, hufunguliwa inyeshapo na husahauliwa mlangoni.

Na uchukuliwe mfano wa harusi moja. Nyumba ya bwana arusi i Sumbawanga mjini, na ukuta wake umegusana na ukuta wa Mfipa Mkatoliki, mwenye mama mgonjwa. Ni Jumamosi ya Julai. Usiku wa baridi katika uwanda usio na miti, sauti haina cha kuizuia. Husikiwa mpaka chini ya vilima vya Mbizi. Kipaza sauti kimeazimwa. Wakati mwingine huazimwa mskitini, na shingo ile ile ya chuma iliyoita watu kwenye sala ya isha, saa tatu baadaye yaita watu kumtazama mwanamke acheze. Yule jirani hafahamu kwamba mwadhini ni mtu mmoja na mpiga kinanda ni mwingine. Yeye asikia sauti moja, kutoka kwa watu wamoja.

Imepokewa kwamba Abdallah bin Amr, sahaba wa Mtume, alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, na alipoingia akauliza mara mbili kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa fungu. Kisha akataja jinsi Mtume alivyosema kwamba Jibrili hakuacha kumwusia jirani mpaka akadhani atamrithisha. Alianza na Myahudi, na Waislamu walikuwa tele. Je, yule mama mgonjwa wa Kifipa, fungu lake katika harusi ile ni lipi? Amepelekewa sahani ya pilau, pengine, maana Waswahili si wachoyo wa chakula. Lakini usingizi wake umetwaliwa, na usingizi haurudishwi kwa pilau.

Tena yako maneno. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume aliingia katika harusi ya Rubayyi binti Muawwidh, na vijana wa kike wakipiga tari na kuwasifu wazee wao waliokufa Badri. Mmoja wao akamsifu Mtume kwa kujua yatakayokuwa kesho, na Mtume akamwambia aliache neno hilo aendelee na yale aliyokuwa akisema. Tari hakulisimamisha. Alilolisimamisha ni neno. Na leo watu hufanya kinyume: hugombania kisanduku mpaka mishipa ikawasimama, na yale maneno ya mipasho yapitayo ndani yake, ya kumsuta mke mwenza na kumtukana jirani kwa mafumbo, hupita huku wazee wakitabasamu. Lau yangesemwa bila ya muziki yangepelekwa kwa kadhi.

Na iko fedha. Mtume alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Katika Ufipa hesabu hufanywa kwa magunia ya mahindi. Magunia yaliyowekwa kuvukisha nyumba mpaka mavuno mengine huuzwa Julai, bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu anauza, ili kulipa kinanda na kipaza sauti na mashine ya kuzalisha umeme, isije nguvu ya waya ikakatika. Na Januari mume mpya hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu, pengine kwa mkopo. Mke huanza ndoa yake kwa deni la usiku ambao hakukumbuka ulichezwa nini.

Ziko nyumba zilizojaribu njia ya katikati, wakaleta kaswida na kinanda, wakadhani wamepona kwa kuwa maneno ni ya kumsifu Mtume. Maneno yakiwa mema, suala moja la Ghazali limejibiwa, na manne yamebaki. Na kumsifu Mtume kwa sauti inayomnyima jirani usingizi, usiku wa manane, ni jambo la kutazamwa mara mbili na kila mwenye kumpenda.

Basi ami na mtoto wa nduguye wakae tena, kabla ya kukodi, si baada yake. Ikiwa ami ni mwenye kushika kauli ya Minhaj, na aseme hivyo wazi, asitaje kanisa. Na kijana amheshimu mzee wake, matari yaletwe, na shangazi zake watoke Kirando waje wapige. Ikiwa wamekubaliana kutwaa kauli ya ruhusa, na waandike katika karatasi pamoja na mpigaji: saa ya kuanza ni baada ya sala ya alasiri, saa ya kukoma ni magharibi, na isha isikute waya umeunganishwa, kwani Mtume alichukia mazungumzo baada ya isha, sembuse haya, wanawake wana ua wao na wanaume wana uwanja wao, nyimbo zitajwe majina mapema na asiyeitajwa isipigwe, kipaza sauti cha mskiti kibaki mskitini, na malipo yasitoke katika magunia ya chakula. Mpigaji atie sahihi. Kisha ami mwenyewe, kabla ya siku hiyo, avuke ukuta abishe hodi kwa jirani, amwulize hali ya mama yake, na amwambie saa ya kukoma.

Wallahu aalam.